Kop ni nini? Jukwaa la Anfield na kilima cha Natal

Mtangazaji wa mpira akisema "Kop imelipuka", anazungumzia jukwaa moja kati ya manne ya Anfield, uwanja wa klabu ya Liverpool ya Uingereza: lile la nyuma ya goli ambalo Liverpool, nahodha wao akipata nafasi ya kuchagua upande, hupenda kulishambulia kipindi cha pili. Hiyo ndiyo maana ya karibu. Maana pana ni jukwaa kubwa la nyuma ya goli, lenye mteremko mkali, ambako mashabiki wa nyumbani wenye sauti hukusanyika. Kwa maana hiyo Sheffield Wednesday wana Kop yao, na jirani zao Sheffield United wana yao katika uwanja wao wa Bramall Lane. Neno limevuka hadi Ufaransa, ambako mashabiki wa klabu ya PSG ya Paris wa upande wa Boulogne, katika uwanja wa Parc des Princes, walijulikana kwa jina la Kop of Boulogne.

Kwa mtu wa Dar es Salaam, kitu cha karibu zaidi ni mzunguko: tiketi ya bei ya chini, ngoma, watu wasiokaa chini dakika tisini. Tofauti ni kwamba mzunguko umetawanyika kuuzunguka uwanja, ilhali Kop ni watu waliorundikana mahali pamoja, wakitazamana na goli.

Neno lenyewe ni la Kiafrikana. "Kop" ni kichwa, na pia kilima kilichochomoza. Spioenkop, ambacho Waingereza wanakiandika Spion Kop, ni kilima cha wapelelezi, na kipo Natal (leo KwaZulu-Natal), Afrika Kusini. Usiku wa tarehe 23 Januari 1900, wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu, wanajeshi wa Uingereza walikipanda gizani wakitafuta njia ya kuufikia mji wa Ladysmith, ambako wenzao walikuwa wamezingirwa. Juu walikuta Makaburu wachache, wakawafurusha, wakaanza kuchimba handaki. Mwamba ukawakatalia, handaki likabaki la kina kifupi. Asubuhi ukungu ulipofunguka ndipo walipoona kwamba hawakuishika kingo ya kilima, na kwamba vilima vya jirani vilikuwa mikononi mwa watu wa Louis Botha, jenerali wa Makaburu. Siku nzima walipigwa risasi na mizinga pale juu, hawana pa kujificha. Mamia walikufa, na wengi wao walitoka vikosi vya Lancashire, jimbo ambalo Liverpool ilikuwa ndani yake wakati ule. Mohandas Gandhi, wakili kijana wa Natal, alikuwa katika kikosi cha Wahindi waliobeba majeruhi kwa machela. Winston Churchill naye alikuwepo, akiandika habari za vita.

Miaka sita baadaye, 1906, Liverpool wakiwa wametwaa ubingwa wao wa pili wa ligi, klabu ilijenga tuta kubwa la jivu la makaa na kifusi nyuma ya goli moja. Mhariri wa michezo wa gazeti la mjini, Ernest Edwards, akapendekeza liitwe Spion Kop. Hakuwa wa kwanza kuona mfanano huo, maana tuta la uwanja wa zamani wa Arsenal lilikuwa limekwisha kuitwa hivyo mwaka 1904. Lakini Liverpool jina lilikuwa na uzito wa msiba. Watu waliosimama kwenye tuta lile walikuwa baba, kaka na majirani wa wale waliobaki kwenye kilima.

Mwaka 1928 Kop iliezekwa, na naamini hapo ndipo ilipozaliwa Kop tunayoijua. Kabla ya paa, sauti ilipotelea angani. Baada ya paa, sauti ya watu zaidi ya 25,000 waliosimama ilirudi na kuangukia nyasi. Hapakuwa na viti. Goli likifungwa, umati ulishuka kama wimbi, mtu akajikuta hatua kumi chini ya pale alipokuwa, kisha wimbi likamrudisha. Aliyezimia alipitishwa kwa mikono juu ya vichwa hadi chini kwa wahudumu. Miaka ya 1960 Kop ilianza kuimba nyimbo za redioni kwa maneno yake yenyewe, jambo ambalo leo mashabiki wa nchi nyingi hulifanya bila kujua lilikotokea.

Kusimama kulikoma kwa sababu ya vifo. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough wa Sheffield Wednesday, mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio wa upande wa Leppings Lane. Waliofariki kutokana na siku hiyo ni 97. Upande wa pili wa uwanja, mashabiki wa Nottingham Forest walikuwa wamesimama kwenye Spion Kop ya Hillsborough. Ripoti ya jaji Taylor ikataka viwanja vya madaraja ya juu viwe na viti pekee. Mashabiki wa Kop ya zamani ya Anfield, isiyo na viti, wakasimama mara ya mwisho tarehe 30 Aprili 1994, Liverpool wakifungwa 1-0 na Norwich. Iliyojengwa baadaye ina viti zaidi ya 12,000, chini ya nusu ya watu wa zamani.

Ukitaka kuona jukwaa la kusimama lenye ukubwa wa enzi zile, nenda Dortmund, Ujerumani. Ukuta wa Manjano wa Borussia huchukua karibu watu 25,000 katika mechi za ligi.

Kwa anayeota kufika Anfield, jambo moja nalisisitiza. Ziara ya siku isiyo na mechi itakuonyesha viti vyekundu na ubao wa ngazini ambao wachezaji huugusa, na utapiga picha nzuri. Kop hutaiona, kwa sababu Kop ni watu. Heri usubiri miaka miwili zaidi ukiweka akiba ya tiketi ya mechi, hata kama ni ya jukwaa la pembeni. Kutoka pembeni ndiko unakoiona vizuri, skafu zote zikiinuliwa kabla ya mpira kuanza.

Na kilima chenyewe bado kipo, karibu na Ladysmith. Handaki lile la kina kifupi lilifanywa kaburi la wengi waliofia ndani yake. Limezungushiwa mawe, refu na jembamba, likifuata mstari uleule walioulala asubuhi ya ukungu.