Silingi inakushushia joto usiku? Toboa gebo, ila toboa pande zote mbili

Nyumba nyingi hapa Tanga, ukianzia Sahare mpaka Mwahako, zinapauliwa kwa bati, zinapigwa silingi ya jipsam halafu gebo, ule ukuta wa pembetatu chini ya paa, linajengwa tofali mpaka juu kabisa, hewa haina pa kutokea. Jua linapiga bati mchana kutwa, na usiku saa nne bado silingi inakushushia joto kitandani, feni yenyewe inalizungusha tu. Sisi tunaofundisha ujenzi chuoni tunaulizwa sana hili hasa kipindi cha kaskazi, na jibu letu ni dirisha la hewa kwenye gebo, la upande huu na la upande wa pili.

Hewa ya moto inapanda, kwa hiyo tundu likae juu karibu na kofia (kilele cha paa), na ile ya kuingia ipite chini, kwenye silingi ya nje chini ya upenu, nyuma ya fasha bodi (ubao wa ukingo wa paa), nako acheni matundu yenye wavu. Kipimo kinachotumika sana ni kugawa eneo la silingi kwa 300. Nyumba ya mita za mraba 90 inataka matundu ya jumla ya mita za mraba 0.3, nusu juu nusu chini, na kwa kuwa louva (vile vibao vya mlalo vya dirisha la hewa) zinaziba karibu nusu ya nafasi, unapata tundu la kama sentimita 40 kwa 40 kila gebo. Kama chini hakuna matundu kabisa gawa kwa 150, na hapo jua gebo zako zitabeba dirisha kubwa zaidi.

Kabla ya kukata zima meini swichi maana nyaya zinapita hukohuko, na kanyaga kenchi (mbao zinazobeba paa), usikanyage jipsam. Kata kwa grenda ya betri au ya jenereta, kwa kuwa umeme umeuzima, nyundo peke yake inalegeza tofali za jirani. Juu ya tundu weka linta (boriti fupi ya kubeba tofali za juu) hata kama tundu ni dogo, watu wanaidharau hii halafu baada ya muda ufa unapanda mpaka kwenye bati.

Louva chukua za alumini, za chuma kwa chumvi ya bahari ya hapa Raskazone zinaoza haraka. Zilale kuelekea chini na nje, na kizingiti cha chini kiwe na mteremko wa kutoa maji, kwa sababu mvua ya masika ikija na upepo wa baharini inaingia ikiwa imelala.

Ndani funga wavu mgumu wa matundu ya milimita 6, popo hapiti. Wavu wa mbu unajaa vumbi ukaziba hewa uliyoitafuta. Ila kama popo wameshahamia humo usiwafungie, wataozea ndani na harufu yake hamtakaa, subiri watoke wote jioni ndo ufunge.

Mwisho mtu mmoja apige maji ya mpira kwa nje, mwingine awe ndani na tochi, akiona tone lolote pigeni silikoni hapo kabla fundi hajashusha ngazi.