Kabati la jiko la Kikolombia: anza na wanga, viungo baadaye

Wengi wanaotaka kuanza kupika Kikolombia huniambia wameshanunua pilipili. Wameonja chakula cha Meksiko mahali fulani, wakaamini Amerika ya Kilatini yote inawasha. Mimi nilipofika Bogotá kufanya kazi jikoni, mwezi mzima sikuona pilipili ikiingia chunguni. Ilikuwa mezani kwenye kibakuli, jina lake ají: pilipili iliyokatwakatwa na majani ya kitunguu, giligilani, siki, chumvi na maji kidogo. Anayetaka hujitilia kijiko. Chunguni viungo vilikuwa vichache mno, binzari nyembamba kidogo na kitunguu saumu.

Kilichojaa kabatini ni vyakula vya wanga. Viazi vya aina tatu, unga wa mahindi usiofanana na wetu, ndizi mbichi na nyingine nyeusi kwa kuiva, mihogo, na unga wa mihogo uliochachushwa. Kila kimoja kina kazi yake, na ukibadilisha kimoja chakula chote kinageuka. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza aweke fedha yake hapo kwanza.

Tuanze na unga. Niliporudi Arusha nilijaribu arepa, mkate wao bapa wa mahindi, kwa sembe. Nilikanda, nikafinyanga viduara, nikaviweka kwenye kikaango. Vilipasuka kingo zote, na ndani vikabaki na chengachenga mbichi. Sembe ni mahindi yaliyosagwa bila kupikwa, na haushikani mpaka uupike na kuusonga. Unga wa arepa, masarepa, hutokana na mahindi yaliyokobolewa na kuondolewa kiini, yakapikwa, yakabanwa yakawa bapa, yakakaushwa, ndipo yakasagwa. Umeshaiva kabla hujaununua. Kikombe kimoja cha unga kwa kikombe na robo cha maji ya uvuguvugu, uache dakika kumi, unafinyanga bila kupasuka. Unga wa aina hii ulianza kuuzwa Venezuela mwaka 1960 kwa jina la Harina P.A.N., na leo Wakolombia wana chapa zao wenyewe. Aliye Ulaya au Marekani ataupata katika duka lolote la Walatino.

Asiyeupata asikate tamaa, maana watu wa mkoa wa Antioquia walikuwa wakila arepa kila siku muda mrefu kabla ya unga wa pakiti. Njia yao ya zamani inaanzia kwenye kitu ambacho kila soko letu linacho: mahindi yaliyokobolewa, yale ya makande. Yachemshe mpaka yakubali kubonyezwa kwa kidole, lakini yasipasuke. Yachuje, yaache yapoe kidogo, kisha yasage yakiwa bado na unyevu wake. Wao hutumia mashine ya chuma ya mkono inayobanwa ukingoni mwa meza, maarufu kwa jina la Corona. Mimi natumia mashine ya kusagia nyama na napitisha mara mbili. Donge linalotoka halihitaji maji, na harufu yake unga wa pakiti haujawahi kuifikia. Arepa ya Antioquia kwa kawaida haitiwi chumvi, nayo si kasoro. Inakaa kando ya maharage na nyama zenye chumvi, kazi ileile ya ugali kando ya mboga.

Kwenye maharage huko wanataka cargamanto, punje kubwa zenye madoadoa mekundu. Rosecoco ya Kenya inakaribia sana. Loweka usiku kucha, yapike kwa presha kuka pamoja na ngozi au kwato ya nguruwe kwa anayekula, kipande cha karoti, na ndizi mbichi moja. Ndizi hiyo wapishi wa kule huivunja kwa vidole au kucha badala ya kuikata kwa kisu, kwani wanasema kisu kinatia mchuzi weusi. Nimepika kwa njia zote mbili. Iliyovunjwa kwa mkono huyeyuka vizuri zaidi na kuufanya mchuzi uwe mzito, kwa hiyo nimebaki nayo.

Ndizi yenyewe iwe mzuzu. Nunua kichane kizima uziache ziive jikoni, utakuwa na vyakula tofauti wiki nzima. Zikiwa kijani kabisa ni za patacón: vipande vinene, vikaangwe kwa moto wa wastani, viponde viwe bapa chini ya sahani, vichovye kwenye maji ya chumvi na kitunguu saumu, virudishe kwenye mafuta yenye moto mkali. Zikishakuwa nyeusi, zikate mshazari na uzikaange mara moja tu. Za katikati, njano zisizo na madoa, mimi huziacha zisubiri.

Pwani ya Karibi, Cartagena hadi Barranquilla, ndiko nilikojisikia nyumbani, na ndiko nilikokosea vibaya zaidi. Nilipewa kazi ya kupika wali wa nazi. Nikakuna, nikakamua tui la kwanza na la pili, nikapika wali kwa tui jepesi na kutia lile zito mwishoni, kama nilivyolelewa. Mama aliyesimamia jiko alinitazama akauliza rangi iko wapi. Wao hugeuza mpangilio wote. Tui zito huingia kwanza, peke yake, kwenye sufuria nzito, likachemka mpaka mafuta yajitenge na yale mabaki yawe kahawia kama karanga zilizokaangwa. Hayo mabaki huitwa titoté. Hapo hutiwa sukari ya panela kidogo na chumvi, halafu tui jepesi, ndipo mchele. Unatoka wali wa kahawia, mtamu kidogo, wa kuliwa na samaki wa kukaanga. Kwa hiyo nazi nzima mbili ziwepo nyumbani daima. Tui la kopo lenye vigandishi halijitengi vizuri, na bila kujitenga hakuna titoté.

Wali huo mara nyingi huchanganywa na guandú. Nilipoonyeshwa gunia lake nilicheka kwa furaha: mbaazi! Zilivuka bahari enzi za biashara ya watumwa, na wanaisimu hulirudisha jina lenyewe kwenye Kikongo, wandu. Si ajabu, maana karibu na Cartagena kuna San Basilio de Palenque, kijiji kilichoanzishwa na Waafrika waliotoroka utumwa, ambako lugha yao bado imebeba maneno ya Kikongo. Mbaazi na nazi katika chungu kimoja, Mombasa na Cartagena. Hata ukoko una heshima yake kule. Wanauita cucayo, na hugombewa.

Vilivyobaki nitavipitia haraka. Panela ni sukari guru, usitafute mbali. Inauzwa kwa matofali, huyeyushwa kwenye maji ya moto ikawa aguapanela, kinywaji cha asubuhi cha nchi nzima. Hogao ni rojo la nyanya na vitunguu vya majani, lipikwe kwa moto mdogo kwa dakika ishirini mpaka mafuta yaelee. Liweke kwenye chupa ndani ya friji, litaingia karibu kila mahali. Rangi ya chungwa katika vyakula hutoka kwenye mbegu za achiote zilizochemshwa ndani ya mafuta, mti uleule ambao Kwale wanauita mrangi. Jibini iwe nyeupe, ngumu kiasi, yenye chumvi. Majani ya mgomba yawepo kwa ajili ya tamales, donge la mahindi na nyama linalofungwa na kupikwa ndani yake, na uyapitishe motoni kwanza ili yasichanike.

Unga wa mihogo uliochachushwa, almidón agrio, unahitaji maneno zaidi kidogo kwa sababu hauna mbadala. Kaskazini mwa mkoa wa Cauca mihogo huparuzwa, wanga wake ukaachwa utuame, ukachacha ndani ya maji kwa wiki tatu hivi, kisha ukaanikwa juani. Uchachu na jua vikifanya kazi pamoja, unga huo huumuka kwenye oveni bila hamira na bila ngano. Pandebono ya Valle del Cauca, mkate mdogo wa jibini, imesimama juu ya jambo hilo. Ukitumia wanga wa kawaida wa mihogo utapata kidonge kigumu, hata kama jibini ni bora kuliko zote.

Vyombo ni vichache: sufuria nzito ya aluminiamu ya kusubu, presha kuka, na molinillo ya kupekechea chokoleti ya maji ya moto, ambayo ukiwa na upekecho huihitaji. Ukibahatika, pata chungu cheusi cha La Chamba, kijiji cha mkoa wa Tolima ambako wanawake huvifinyanga, huving'arisha kwa mawe laini na kuvitia weusi kwa moshi.

Chungu hicho ndicho cha ajiaco, supu ya kuku ya Bogotá, na ndiyo iliyonifanya nielewe suala la wanga. Viazi vyake ni vya aina tatu. Sabanera hubaki kipande. Pastusa hupondeka nusu. Criolla, vidogo na vya njano kama kiini cha yai, huyeyuka kabisa na ndivyo vinavyoipa supu uzito na rangi. Criolla havilali: vikishachimbwa huchipua upesi, kwa hiyo nje ya Kolombia huuzwa vilivyogandishwa au vya chupa. Huku natumia Shangi kwa nafasi ya pastusa, kiazi kigumu chenye ngozi nyekundu kwa sabanera, na kwa criolla viazi vyovyote vya njano nitakavyopata. Kumbuka pia kwamba Bogotá iko mita 2,600 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi kama 91. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, punguza dakika zilizoandikwa kwenye mapishi ya kule.

Mezani huletwa krimu, parachichi na alcaparras za chupa, yaani vitumba vidogo vya maua vilivyotiwa siki. Lakini jani linaloifanya ajiaco iwe ajiaco ni guascas, na langu lilikwisha miezi minne baada ya kurudi. Nililitafuta hadi kwa wasafiri. Kisha siku moja, nikipalilia maharage kwa shangazi, nikaling'oa kwa mkono wangu. Galinsoga parviflora, gugu la mashamba yetu ya nyanda za juu, asili yake Amerika ya Kusini. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, kingo zina meno madogo, ua ni kitovu cha njano chenye petali tano fupi nyeupe zilizoachana. Usilichanganye na kishonanguo, ambacho mbegu zake hung'ang'ania nguo. Usichume kwenye shamba lililopuliziwa dawa. Lianike kivulini mpaka livunjike kwa vidole, ulihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, na utie kiganja kimoja chunguni dakika kumi na tano za mwisho. Langu limejaa kopo sasa, na muuza viazi ameniahidi vya njano Jumamosi.