Liposomu haina akili: dhana potofu kuhusu dawa za vipovu vya mafuta na vifaa vya kidijitali

Tangu mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, pamoja na vidonge vya siku 14, kwa mgonjwa wa VVU mwenye homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi. Kwa hiyo wauguzi na wafamasia wa Tanga, mjini na wilayani, hawana budi kuzijua dawa hizi. Shida ni kwamba siku hizi liposomu hutajwa pamoja na vihisi, programu na akili unde, na wengi wamebaki wakiamini kwamba akili imo ndani ya dawa. Haimo. Iko kwenye vifaa vinavyoizunguka, na zaidi kwa mtu anayesoma namba zake na kuchukua hatua.

"Ni kifaa kidogo kinachoongozwa kwa simu"

Liposomu ni kipovu cha mafuta aina ya fosfolipidi, mara nyingi kikiimarishwa kwa kolesteroli, chenye maji katikati. Alec Bangham na wenzake walivieleza vipovu hivi huko Uingereza miaka ya 1960. Vile vinavyobeba dawa kwenye damu huwa na kipenyo cha nanomita 100 hivi, maana yake 10,000 vikipangwa mstari hujaza milimita moja tu. Kihisi cha kumeza kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2017 ndani ya kidonge cha Abilify MyCite kina ukubwa wa punje ya mchanga, na kile ni kidonge cha maradhi ya akili, hakihusiani na liposomu. Betri na antena haziingii ndani ya kipovu cha nanomita 100.

"Dawa ni ileile, kompyuta itapiga hesabu"

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Amfoterisini B ya kawaida haitakiwi kuzidi miligramu 1.5 kwa kilo kwa siku. Ya liposomu, kwa homa hii, hutolewa miligramu 10 kwa kilo mara moja. Anayechukua kichupa cha kawaida na kufuata dozi ya liposomu anaweza kuusimamisha moyo wa mgonjwa. Doksorubisini ya saratani nayo haibadilishwi hivihivi: ya kawaida na ya liposomu ni dawa mbili.

Kosa huanzia kwenye orodha ya kompyuta yenye mstari mmoja tu, "Amfoterisini B". Daktari anayeandika dawa anabofya, mtoa dawa anachukua kilichopo, na pampu ya dripu inatii ilichoambiwa. Tengeni mistari miwili, neno LIPOSOMU liandikwe kwa herufi kubwa, kila mstari uwe na kikomo chake cha juu kwa kilo, na programu ikatae kuendelea mpaka iingiziwe uzito uliopimwa siku hiyo. Uzito wa kadi ya mwaka jana haufai. Wagonjwa hawa hukonda haraka.

Chukueni mgonjwa wa kilo 50. Anahitaji miligramu 500, yaani vichupa 10 vya miligramu 50. Kila kichupa kitiliwe mililita 12 za maji safi ya sindano, kisha kitikiswe kwa nguvu sekunde 30. Hapo kila mililita inakuwa na miligramu 4. Dawa hiyo, mililita 125 hivi, ipitishwe kwenye kichujio cha mikroni 5, kila kichupa na kichujio chake, iingie kwenye mililita 125 za dekstrosi 5%. Mnapata mililita 250 zenye miligramu 2 kwa mililita. Kwa saa mbili ni mililita 125 kwa saa. Kama hakuna pampu, mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita uende matone 42 kwa dakika.

Maji ya chumvi yasiguse dawa hii hata kidogo. Chumvi huvuruga vipovu, na mchanganyiko hukatika kama tui. Mtego uko hapa: mgonjwa huyohuyo hupewa maji ya chumvi kabla ya dawa ili kulinda figo, mara nyingi kwa mpira uleule. Mpira usafishwe kwa dekstrosi 5% kwanza, au dawa ipite kwenye mshipa mwingine. Pampu hupima mtiririko na shinikizo, haioni kwamba dawa imekatika. Mkiona chembe zinaelea, mwageni.

"Kihisi cha joto kipo, basi dawa iko salama"

Kihisi huandika yaliyotokea. Hakipozi. Tena vingi vilivyopo vimewekewa kengele za chanjo: joto likipita nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa saa moja. Unga wa amfoterisini B ya liposomu huruhusiwa kukaa hadi nyuzi 25. Doksorubisini ya liposomu inataka nyuzi 2 hadi 8. Kengele moja haiwezi kuzihudumia zote.

Msimu wa kaskazi Tanga, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mchana, hivyo "joto la chumba" lililoandikwa kwenye boksi si la chumba chetu. Lakini tunaogopa kuganda kuliko joto. Kwa dawa ya majimaji kama doksorubisini ya liposomu, fuwele za barafu hupasua utando wa kipovu, dawa inavuja, na ikiyeyuka kichupa kinaweza kuonekana vilevile kwa macho. Mnapopeleka dawa Lushoto au Handeni, msipakie barafu iliyotoka kwenye friza moja kwa moja. Iacheni nje mpaka mkiitikisa msikie maji yakicheza ndani. Kihisi kikae katikati ya vichupa, kisiegemee barafu, na ujumbe wa kengele uende kwa watu wawili ambao hawako likizo kwa pamoja.

"Alama ya kuskani inathibitisha ni liposomu ya kweli"

Inathibitisha kwamba alama hiyo imo kwenye kanzidata, basi. Vitamini "za liposomu" zinazouzwa mtandaoni zinaweza kuwa na alama nzuri huku ndani mna mafuta yaliyokorogwa tu.

"Akili unde sasa inatengeneza dawa yenyewe"

Inasaidia, na inasaidia kweli: hukisia mchanganyiko upi utatoa kipovu cha ukubwa gani, ikapunguza majaribio ya mezani. Lakini lazima mtu atengeneze na kupima. Mafuta yaliyoyeyushwa kwenye ethanoli na maji yenye chumvi maalumu husukumwa na pampu mbili kwenye mfereji mwembamba, mara nyingi sehemu 3 za maji kwa 1 ya ethanoli, juu ya joto la kulainika kwa mafuta hayo. DSPC, mojawapo ya fosfolipidi hizo, hulainika kwenye nyuzi 55. Hewa ikiingia au mfereji ukiziba kidogo, ukubwa wa vipovu unatawanyika. Na kipimo cha mwanga, kinachotumika kupima ukubwa wa vipovu, chenyewe huweza kudanganya: chembe yenye kipenyo mara 10 hutawanya mwanga karibu mara milioni moja zaidi, hivyo mabonge machache yanafunika vipovu vizuri vyote. Mfumo uliofundishwa kwa vipimo vya namna hiyo utakosea kwa kujiamini.

Vipovu vinavyofunguka kwa joto navyo vipo. ThermoDox huachia doksorubisini karibu nyuzi 40, pale uvimbe unapopashwa kwa kifaa. Majaribio yake makubwa ya saratani ya ini hayakufikia lengo mwaka 2013, na mengine yalionyesha hivyo tena mwaka 2020.

"Dozi ni moja, kwa hiyo tiba imekwisha"

Ya liposomu ni moja. Vidonge vya fangasi vinaendelea siku 14: flusitosini miligramu 100 kwa kilo kwa siku zikigawanywa mara nne, pamoja na flukonazoli miligramu 1,200 kila siku. Baada ya hapo ni flukonazoli miligramu 800 kila siku kwa wiki 8, kisha miligramu 200 kila siku. Potasiamu, kreatinini na hemoglobini zifuatiliwe. Hapa ndipo teknolojia rahisi, ujumbe wa simu, inafanya kazi kubwa kuliko kihisi chochote. Ila programu nyingi hutuma "8:00", na wengi watasoma saa nane mchana. Andikeni "saa 2 asubuhi". Na kwa kuwa simu nyingi hushikwa na nyumba nzima, ujumbe usitaje jina la dawa wala la ugonjwa.