Kwanza tugeuze jiwe

Kila ninapopokea kundi jipya la wanaojitolea kupima maji hapa Moshi, wote hukimbilia kile kipimo chenye kioo, kwa sababu kinatoa namba. Nawaomba wakiweke kando kwanza. Tunavaa buti za mpira (kichocho si cha kuchezea), tunaingia mto Karanga na kugeuza mawe.

Kipimo kinasema maji yalivyo dakika ile ulipokichovya. Mtu akimwaga uchafu saa nane za usiku, kufika asubuhi umeshateremka kuelekea mto Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, na namba zako zitakuwa nzuri tu. Lakini mdudu aliyejishikiza chini ya jiwe alikuwepo usiku ule. Amekaa humo wiki nyingi, wengine miezi, akipumua oksijeni iliyoyeyuka majini. Ikipungua, anakufa au anaachia jiwe na kuchukuliwa na mkondo. Ukikuta jiwe tupu, liandike kwenye daftari, hata hilo ni jibu.

Tunatumia miniSASS, utaratibu uliobuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya watu wasio wataalamu. Viumbe wadogo wa mtoni wamegawanywa katika makundi 13, kila kundi na alama zake. Minyoo na ruba wana 2, konokono 4, kaa 6. Alama ya juu, 17, ni ya mdudu bapa mwenye mikia miwili asiyevumilia uchafu hata kidogo. Jumlisha alama za makundi uliyoyaona, kisha gawa kwa idadi ya makundi hayo. Hapa wengi hukosea: ruba 40 ni kundi moja, wala hawaongezi kitu.

Tunapima juu, kwenye vihamba (mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba zao), na chini, baada ya mji, siku ileile. Tofauti ya sehemu hizo mbili ndiyo ninayoijali kuliko alama zenyewe. Mvua kubwa ikinyesha tunaahirisha, kwani mafuriko nayo husomba wadudu.

Siku moja mama aliyekuwa akifua alisogea, akatazama sinia letu, akauliza, "Sasa mwanangu, kama wadudu wazuri wapo, maji haya si nichote ninywe?"

"Hapana, mama."

Nilifurahi kwamba aliuliza, maana wadudu hawa hawajui habari za vimelea vya kuhara. Hawatuambii lolote la kutegemea kuhusu floraidi pia, na miamba ya volkano huku kwetu, hasa upande wa Meru na Arusha, huitia majini kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji yenye floraidi yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakayatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuyachemsha hakusaidii: mvuke unatoka, floraidi inabaki na kuzidi kukolea.

Hapo ndipo ninapofungua sanduku la vipimo.