Mtoto akitimiza miaka 18, amri ya mahakama inaishia wapi?

Mama wengi hufika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria na bahasha moja. Ndani mna amri ya Mahakama ya Watoto ya miaka iliyopita, barua ya kuitwa chuo na karatasi ya karo. Baba alikoma kutuma pesa mara tu kijana alipochukua kitambulisho. "Huyo sasa ni mtu mzima," anasema. Baba huyo yuko sahihi nusu tu.

Katiba ya Kenya inamhesabu mtu mzima kuanzia miaka 18. Tangu siku hiyo hakimu hana tena mamlaka ya kuamua kijana akae kwa nani wala likizo aende kwa nani. Akitaka kuhamia kwa shangazi yake Kisumu, anahamia. Mzazi anayekwenda mahakamani kudai haki ya kumwona kijana wa miaka 19 anapoteza nauli bure. Hilo ni la kuzungumza na kijana mwenyewe.

Matunzo, yaani pesa za kumtunza na kumsomesha kijana, yana njia yake. Sheria ya Watoto ya 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, inairuhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 ikiridhika kwamba kuna hali maalumu zinazogusa ustawi wa mtoto. Katika kesi nyingi, hali hizo zimekuwa masomo ambayo hayajakamilika, au ulemavu na ugonjwa unaomzuia kijana kujitegemea.

Lakini kusoma peke yake hakutoshi. Hakimu hutazama mifuko ya wazazi wote wawili, kwa sababu kifungu cha 53 cha Katiba kinawatwika mzigo kwa usawa, wawe wameoana au la. Mama anayesema "mimi nimelea, yeye alipe yote" hujikuta akiulizwa mshahara wake. Na kijana aliyeacha chuo kwa hiari akashinda kijiweni, sioni hakimu wa kumrefushia.

Ombi linaweza kuletwa na mzazi, jamaa au kijana mwenyewe, kabla au baada ya kutimiza 18. Mimi huwashauri wasingoje. Wengi hufikisha umri huo wakiwa kidato cha nne au punde tu baada ya mtihani, na hapo ndipo amri ya zamani huisha kimyakimya. Njoo na risiti za karo, barua ya shule, na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha nani alituma nini. Hiyo humaliza ubishi mwingi kuliko mashahidi watatu.

Deni lililolimbikizwa kabla ya kijana kutimiza 18 halifutiki kwa sababu amekua. Bado linadaiwa.

Kijana mwenye tatizo la akili asiyeweza kujiamulia mambo yake ana suala jingine tena: kuteuliwa kwa msimamizi wake chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Tafuta wakili kwa hilo mapema.

Wazazi wanaoelewana wana njia rahisi zaidi. Waandike makubaliano, kila mmoja atie sahihi, kisha wayawasilishe mahakamani yawe amri. Waandike pia kwamba karo italipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, si mkononi mwa mzazi yeyote, wala mwa kijana.