Mwimbaji asiyepewa zamu ya kusema

Riwaya ya Marlon James, A Brief History of Seven Killings, inaanza na orodha ya wahusika: majina zaidi ya 70, yamepangwa kwa mji na mwaka. Wanafunzi wangu wa fasihi wakiiona tu huanza kuguna. Kisha linakuja swali tulilozoeshwa tangu sekondari: sasa mwalimu, mhusika mkuu hapa ni nani?

Jibu la haraka lingekuwa Bob Marley. Kitabu hiki kilichotoka 2014, na kumpa James tuzo ya Man Booker mwaka uliofuata, Mjamaika wa kwanza kuipata, kimejengwa juu ya mkasa uliompata Bob. Usiku wa 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki walivamia nyumba yake, namba 56 Hope Road, Kingston. Yeye risasi ilimparuza kifuani na kumwingia mkononi. Mkewe Rita alipigwa kichwani, na meneja wake Don Taylor akaumizwa kuliko wote. Hakufa mtu. Siku mbili baadaye Bob alipanda jukwaani kwenye tamasha la Smile Jamaica, na tarehe 15 ya mwezi huohuo Wajamaika wakapiga kura.

Ila ndani ya riwaya Bob hatajwi kwa jina. Anaitwa Mwimbaji, basi. Kila sura ina jina la msimulizi wake juu kabisa, na kila msimulizi anasema kwa nafsi ya kwanza: wauaji, jasusi, mwandishi wa habari, hata mwanasiasa aliyekwisha kuuawa ambaye mzimu wake unazurura ukitoa maoni. Mwimbaji hana sura hata moja. Wanafunzi wengine huona hilo ni kasoro. Mimi naona ndiyo akili yote ya kitabu. Bob tunaye tayari. Yuko kwenye fulana, kwenye vioo vya daladala na matatu, kwenye redio ya kila kinyozi. Mwandishi angempa maneno ya kusema, tungebaki kubishana kama ndivyo Bob alivyokuwa akiongea. Kwa kumnyamazisha, anatulazimisha tuwasikilize wanaomtaka. Na kila mtu anamtaka kwa shida yake. Mmoja anataka viza, mwingine mahojiano, mwingine kura, mwingine roho yake. Mimi huwaambia wanafunzi waachane na orodha ile ya mwanzo na waulize jambo moja tu kwa kila sura: huyu anataka nini kwa Mwimbaji? Majina yatajipanga yenyewe.

Siasa zake si ngumu kwa msomaji wa kwetu. Jamaika ya miaka ya 1970 iligawanyika kati ya vyama viwili, PNP ya Michael Manley, aliyekuwa waziri mkuu, na JLP ya Edward Seaga, mbunge wa Kingston Magharibi. Mwaka 1966 mabuldoza yalibomoa makazi ya Back-O-Wall, walikoishi Marasta wengi, na hapo ukajengwa mtaa wa Tivoli Gardens. Nyumba zilikwenda kwa wafuasi wa JLP. PNP nayo ikawa na ngome zake. Nyumba, ajira na ulinzi vikawa vinagawiwa kwa kadi ya chama, na aliyesimamia mgao mtaani, akiwa na bastola kiunoni, ndiye waliyemwita don. Aliyeishi Nairobi miaka ya 1990 akaona vijana wa kukodiwa wakati wa kampeni hahitaji kuelezwa zaidi.

James ameacha majina ya vyama yalivyo, akabadilisha mitaa na madoni. Tivoli inakuwa Copenhagen City. Don wa zamani, Papa-Lo, amechotwa kwa Claudie Massop, mtu wa JLP aliyekuwa rafiki wa Bob na akauawa na polisi Februari 1979. Anayemrithi anaitwa Josey Wales, jina la jambazi wa sinema ya kauboi ya mwaka uleule wa 1976, na nyuma yake yupo Lester Lloyd Coke wa genge la Shower Posse. Coke alikufa kwa moto akiwa katika chumba cha gereza Kingston mwaka 1992. Riwaya inaisha 1991, na Josey naye anaungua gerezani.

Hawa wawili nawapenda kwa darasa la uhusika kwa sababu kazi yao ni moja na hawafanani hata chembe. Papa-Lo anajiona baba wa mtaa. Ameua sana, lakini kuna mwanafunzi mmoja aliyemuua ambaye hamtoki akilini, na majuto hayo yanamfanya aanze kuota amani na mahasimu wake. Josey hana muda wa kujuta. Anawaacha Wamarekani wanaomletea silaha waamini kwamba haelewi kitu, wakati anawapima mmoja mmoja. Ukisoma sura zao zikifuatana utasikia tofauti kabla hujaambiwa lolote: Papa-Lo anazunguka, anarudia, anahubiri, Josey anahesabu.

Halafu kuna Bam-Bam. Ana miaka 14, wazazi wake wameuawa, na bunduki ndiyo kitu cha kwanza kumpa uzito mbele za watu. Kabla ya uvamizi vijana wanafungiwa kibandani na kupewa kokeini, na hapo sentensi za Bam-Bam zinaanza kukatika, hadi ukurasa unafanana na shairi lililopasuka. Mwisho wake ni kuzikwa hai na watu wa upande wake mwenyewe. Ni sura ngumu. Kuna waliofunga kitabu hapo wasikifungue tena, na siwalaumu.

Wamarekani wa CIA, kwa maoni yangu, ndio dhaifu zaidi. Barry Diflorio ana ugomvi mzuri na mkewe, lakini akianza kuzungumzia Cuba na ukomunisti namwona mwandishi nyuma yake akitufafanulia Vita Baridi. Alex Pierce, mwandishi wa jarida la Rolling Stone, ana nafuu. Yeye anajidhania anaijua Kingston kuliko wazungu wenzake, na James anamcheka kwa hilo taratibu, kurasa mia kadhaa, mpaka watu wa genge wanapomfuata nyumbani kwake New York wakiwa na makala yake mkononi, wakimsahihisha kama walimu wa insha.

Anayebeba kitabu, nikibanwa nitaje mmoja, ni Nina Burgess. Ndiye mwanamke pekee aliyepewa zamu ya kusimulia. Majambazi wamevamia nyumba ya wazazi wake, na Nina ameshaamua kwamba familia itoke Jamaika. Aliwahi kulala na Mwimbaji mara moja. Basi anakwenda kusimama nje ya geti la Hope Road, kutwa nzima, akitumaini atakumbukwa na kusaidiwa kupata viza. Walinzi hawamruhusu kuingia. Tunamsikia akijisema, akijitetea, akijionea aibu, akipanga maneno atakayosema na kuyapangua. Usiku unamkuta bado yupo hapo. Milio ya risasi inaanza, na wauaji wakitoka anakutana uso kwa uso na Josey Wales.

Kuanzia hapo Nina anakimbia. Anakuwa Kim Clarke wa Montego Bay, anayemng'ang'ania Mmarekani wa kampuni ya boksiti ili amtoe nchini. Mwaka 1985 ni Dorcas Palmer, mtunza wazee New York. Mwaka 1991 ni Millicent Segree, anayesomea uuguzi. Mara ya kwanza kusoma nilichelewa kugundua kwamba ni mtu yuleyule, na nadhani James alitaka hivyo. Kila jina linakuja na sauti yake na uongo wake, lakini namna ya kubishana na nafsi yake haibadiliki: anauliza, anajijibu, anajitukana. Ukiishika tabia hiyo utamtambua popote. Wanaume wa kitabu hiki wanauana kwa ajili ya eneo na unga. Yeye peke yake anaonyesha maisha ya shahidi aliyebaki, miaka 15 ya kugeuka nyuma akisikia hatua.

James ameeleza kwamba alianza na muuaji wa kukodiwa, John-John K, akikusudia riwaya fupi, akagonga mwamba kila alipojaribu kujua hadithi ni ya nani. Rafiki yake ndiye aliyemuuliza kwa nini anadhani lazima iwe ya mtu mmoja, na kumkumbusha mwandishi wa Kimarekani William Faulkner, aliyegawa riwaya nzima kwa wasimulizi kumi na watano. Kwa hiyo swali la mhusika mkuu lilimsumbua mwandishi kabla halijawafikia wanafunzi wangu.

Kikwazo kinachobaki ni lugha. Kiingereza cha madoni ni cha Kingston, na Kiingereza chetu cha darasani hakitoshi. Soma kwa sauti. Masikio yatashika yanayopita macho. Ukikwama kabisa, fuata sura za Nina kwanza, chini ya majina yake yote manne, halafu urudi kwa wenye bunduki.