Je, wajua kwa nini mwenye bwawa hulipa fidia hata kama hakuzembea?

Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, na zaidi ya watu 40 wakafa. Tangu hapo, wakazi walio chini ya mabwawa ya mashamba makubwa wamekuwa na swali: tuta likivunjika, ni lazima tuthibitishe mwenye shamba alizembea ndipo alipe?

Si lazima. Kanuni yenyewe ilizaliwa Lancashire, Uingereza. Rylands, mwenye kiwanda, aliwalipa wataalamu wamchimbie bwawa. Chini ya ardhi palikuwa na mashimo ya mgodi wa zamani wa makaa. Wataalamu waliyakuta, hawakuyaziba sawasawa. Bwawa lilipotiwa maji Desemba 1860, sakafu ilititia, maji yakapenya mashimoni na kufurika mgodi wa jirani yake, Fletcher. Rylands mwenyewe hakuwa na habari ya mashimo hayo. Hata hivyo, mwaka 1868 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua alipe: aliyeleta ardhini mwake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, na akakirundika huko kwa faida yake, atabeba hasara kikitoroka.

Kenya tuliirithi. Kifungu cha 3 cha Sura ya 8 ya Sheria za Kenya (Judicature Act) kinaruhusu korti zetu kufuata kanuni za Uingereza zilizokuwapo Agosti 12, 1897, mradi zinafaa mazingira yetu.

Wengi hujikwaa kwenye neno kutoroka. Kitu lazima kivuke mpaka. Mlinzi akisombwa na maji akiwa bado ndani ya shamba lenye bwawa, kanuni hii haimsaidii. Itabidi adai kwa uzembe au kwa sheria za kazi. Maji ya mvua yanayoteremka yenyewe mlimani nayo hayahesabiki, kwa kuwa hakuna aliyeyaleta. Vilevile matumizi yawe si ya kawaida: bomba la nyumbani likipasuka, dai litakwama, lakini bwawa la kumwagilia ekari nyingi ni jambo jingine.

Mdaiwa naye ana njia za kujitetea: mtu baki aliharibu tuta, mlalamikaji alikubali hatari hiyo, au ni kazi ya Mungu, yaani janga la asili ambalo hakuna aliyeweza kulitarajia. Mwaka 1876 tajiri mmoja Uingereza aliponea hapo, maziwa yake ya kuchimbwa yalipobomolewa na mvua isiyo na mfano. Kwa Nakuru, utetezi huo ni mwembamba. Masika huja kila mwaka, na bwawa lisilo na mkondo wa kutosha wa kutolea maji ya ziada linajulikana mapema kwamba litafurika.

Kesi nyingi hufia kwenye ushahidi. Kabla tope halijaoshwa, piga picha ya tuta lililovunjika, njia yaliyopita maji hadi mpakani, na alama ya maji kwenye kuta zako. Andikisha ripoti polisi uchukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Mwite afisa wa kilimo akadirie mimea na mifugo iliyopotea, na uweke risiti zote za hospitali.

Muda wa kushtaki ni miaka 3. Bwawa likiwa la serikali, miezi 12 tu. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, na huko unaruhusiwa kujiwakilisha bila wakili.